Usitupe Ndizi Iliyopiga Madoa

Maneno haya, kuhusu kutengeneza aiskrimu ya matunda bila kutia sukari, niliyasema Jumamosi moja asubuhi, msimu wa embe, mbele ya wazazi na walezi wa mtaa wetu, Tandika, Dar es Salaam. Nimeyaandika kama nilivyoyasema, pamoja na yale niliyokuwa namwambia kijana aliyeshika kopo.

Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Shikamooni wazee wangu. Mwenyekiti, asante kwa nafasi. Mama zangu, dada zangu, na nyie baba zangu mliosimama kule chini ya mwembe, sogeeni, viti vipo.

Kabla sijasema lolote naomba nianze kazi, maana kazi hii inataka muda na mimi nataka iishe tukiwa hapa hapa. Hii ni ndoo ya lita 10. Hili ni kopo la maziwa ya unga, la bati, nimeliosha kwa sabuni na maji moto, nikalianika likakauka. Ndani yake nimeweka embe dodo nne, nimezimenya alfajiri na kuzisaga. Nimetia tui zito kikombe kimoja cha chai na maji ya ndimu moja. Sukari sikutia hata kijiko. Nafunga mfuniko, nakandika na kipande cha nailoni, nakaza na mpira.

Sasa tazameni. Chini ya ndoo natandika barafu iliyopondwa, kopo linakaa katikati, kisha pembeni naweka barafu tabaka moja, chumvi ya mawe tabaka moja, barafu tena, chumvi tena. Nina barafu kilo 6 na chumvi kilo 2. Mchanganyiko uishie shingoni mwa kopo, usifike kwenye mfuniko, la sivyo tutakula aiskrimu ya chumvi.

Kijana wangu, njoo. Shika kopo hapa juu, lizungushe kulia, lirudishe kushoto, taratibu, usichoke. Mkono usiingie kwenye hiyo barafu yenye chumvi, inaunguza kama moto. Nitakuambia lini tufungue.

Haya.

Wengi hapa mnanijua kama mama wa barafu. Miaka saba nimeuza barafu dirishani kwangu, nyekundu, njano, kijani, na watoto wenu wote wamepita pale. Nilikuwa nachemsha maji lita 5, natia sukari kilo moja, rangi, ladha, nafunga kwenye vifuko, nagandisha. Hesabu yake sikuwahi kuipiga. Nilikuja kuipiga binti yangu wa pili alipofikisha miaka sita na meno yake ya mbele manne yakawa meusi, yameliwa hadi kwenye fizi. Daktari wa meno akaniuliza mtoto anakula nini. Nikamjibu ukweli: anakula barafu, kila siku, mbili au tatu, kwa sababu ziko nyumbani.

Nikarudi, nikachukua karatasi. Kilo moja ya sukari kwenye lita 5 za maji, kifuko kimoja cha mililita 150 kinabeba karibu gramu 27 za sukari. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na ya juisi. Lilisema isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayoipata kwenye chakula kwa siku, na ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Hiyo asilimia 5 kwa mtu mzima ni kama gramu 25, vijiko 6 vya chai. Kifuko kimoja cha barafu yangu kilikuwa kinakimaliza kipimo cha mtu mzima kwa siku nzima, na mimi nilikuwa nampa mtoto wa miaka sita vitatu. Nililia siku ile. Wiki iliyofuata niliacha kuziuza.

Lakini joto la Dar mnalijua. Mwezi wa kumi na mbili, wa kwanza, wa pili, kaskazi inavuma na bado shati linalowa mgongoni saa mbili asubuhi. Huwezi kumwambia mtoto wa Tandika asitamani kitu cha baridi. Atatamani, na akikosa kwangu atakipata kwa mwingine. Kwa hiyo nilitafuta cha kumpa, na nilikipata kwenye takataka zangu mwenyewe.

Nawaonyesha. Hii hapa ni ndizi kisukari. Nyie mkiiona hivi, ganda limepiga madoa ya kahawia, imelegea, mnasema imeharibika. Ishikeni, mpitishe nyuma, mnuse. Hiyo harufu ni ya kuiva. Ndizi ikiwa mbichi, kwenye kila gramu 100 za nyama yake, kama gramu 20 ni wanga, ule ule unaotufanya tuipike. Inavyozidi kuiva, wanga unageuka sukari, hadi unabaki gramu moja au mbili tu. Madoa yanakuambia kazi hiyo imekwisha. Sukari ambayo ningeinunua dukani, ndizi imeshaitengeneza yenyewe, na imeifungia humo humo pamoja na nyuzinyuzi zake.

Ndiyo maana nasema: usiikimbilie ndizi ikiwa njano safi, ingojee. Nendeni pale Mabibo, Mahakama ya Ndizi, au Buguruni, au hapa Temeke Sterio, jioni wakati watu wanafunga biashara. Muulize muuzaji chane zilizolegea. Atakuuzia kwa bei ya kukushukuru, kwa sababu kesho asubuhi angezimwaga.

Ukifika nyumbani, menya siku hiyo hiyo. Msigandishe ndizi na ganda lake! Nilifanya hivyo mara ya kwanza, ndizi nzima kumi. Ganda likawa jeusi, likang'ang'ania, nikawa nachonga kwa kisu kama ninachonga gogo, na nusu ya ndizi ilikwenda na ganda. Menya, kata vipande vya unene wa kidole, vitandaze kwenye sinia visigusane, weka kwenye friza. Kesho yake vimekuwa kokoto. Hapo ndipo uvikusanye kwenye kopo lenye mfuniko. Ukivirundika vikiwa laini vitagandamana, utapata jiwe moja la kilo mbili ambalo blenda yako haitaliweza.

Kijana, lete kopo. Simamisha kwanza, futa chumvi yote juu ya mfuniko kwa kitambaa, sasa fungua. Mnaona? Katikati bado ni uji, ukutani umeshika. Nakwangua huu wa ukutani kwa mwiko, nauchanganya na wa katikati. Funga. Endelea.

Nimeulizwa na mama mmoja hapa, kwa nini tusiache tu kopo ligande? Ukiacha maji yagande polepole bila kuyagusa, yanajenga chembe kubwa za barafu, ukitafuna unasikia kama mchanga. Ukikwangua na kuzungusha, chembe zinabaki ndogo, ulimi hauzioni, unahisi ulaini tu. Na kwa nini chumvi? Barafu peke yake hapa ipo kwenye nyuzi 0, na embe lililosagwa haligandi kwenye nyuzi 0 kwa sababu lina sukari yake. Ukitia chumvi, barafu inaanza kuyeyuka hata kwenye baridi kali, na ili iyeyuke inataka joto. Joto hilo inalinyang'anya kopo. Mchanganyiko huu unaweza kushuka nyuzi 15 chini ya 0, hata zaidi barafu ikiwa imepondwa vizuri na chumvi imetosha. Watu wamefanya hivi zamani sana kabla ya umeme. Mama mmoja wa Marekani, Nancy Johnson, mwaka 1843 alipewa hataza, yaani hati ya haki ya mvumbuzi, ya mashine ya mkono ya namna hii: ndoo, barafu, chumvi, na mpini wa kuzungusha. Sisi mpini wetu ni huyu kijana.

Nimeileta njia hii makusudi, kwa sababu najua si kila nyumba hapa ina friji, na zenye friji umeme unakatika. Barafu mnaipata kwa jirani mwenye friza, au pale Feri soko la samaki ukiwa na safari ya mjini. Ya Feri ni ya kuzungushia kopo tu, isiingie mdomoni.

Tukirudi kwenye ndizi zetu kokoto. Zitoe kwenye friza, ziache mezani dakika tano. Tia kwenye blenda vijiko viwili vitatu vya tui au maziwa, usizidishe. Washa kidogo, zima. Washa, zima. Itaanza kuwa kama mchanga, utadhani umeharibu. Sukumia chini kwa mwiko blenda ikiwa imezimwa, endelea. Halafu ghafla, na mimi mpaka leo napenda kuangalia, ule mchanga unajikusanya, unang'aa, unageuka krimu nzito nyeupe inayopanda ukutani mwa blenda. Hamna krimu humo, ni ndizi tupu. Ndizi ina maji kiasi cha robo tatu tu, halafu ina ule utelezi wa kiasili unaoishika pamoja, kwa hiyo haitoi chembe za barafu kama tunda la majimaji.

Asiye na blenda ana kinu. Nimetwanga ndizi zilizoganda kwenye kinu mwaka mzima kabla sijanunua blenda Kariakoo. Ziache zilegee kidogo zaidi, twanga kwa mchi, geuza, twanga. Ila kinu kisiwe kile cha kitunguu saumu. Hata ukikiosha mara tatu, baridi ya ndizi inaitoa harufu yote.

Ukishakuwa na hiyo ndizi, umepata msingi, unaweza kujengea chochote. Parachichi lililoiva, nusu kwa ndizi tatu, na ndimu ili lisigeuke jeusi. Mafuta yake yanafanya kitu kiwe laini kupita vyote. Unga wa kakao kijiko kimoja, ile inayolimwa Kyela, na watoto watadhani umewanunulia chokoleti. Unga wa ubuyu, lakini mweupe, ule mkavu usiotiwa rangi. Ubuyu mwekundu wa kwenye vifuko umeshapikwa na sukari, ukiutia humo umerudi kule kule nilikotoka mimi. Ukitaka utamu zaidi, loweka tende nne kwenye maji ya moto, toa kokwa, saga pamoja.

Mapera msiyadharau. Gramu 100 za pera zina vitamini C kama mara nne ya chungwa, na baridi ya friza haiiondoi kwa kiasi kikubwa. Saga, chuja mbegu, changanya na ndizi.

Embe, mmeona. Dodo na bolibo ni rahisi. Zile ndogo zenye nyuzi nazo zinafaa, ila pitisha kwenye chujio kwanza, na fanya kazi hiyo ukiwa umekaa kwa sababu ina uchovu. Nanasi la Kiwangwa ni tamu, lakini bichi usilikutanishe na maziwa ukaliacha, lina kimeng'enya kinachovunja protini, maziwa yanakuwa machungu. Nanasi na tui, ndiyo. Tikiti maji zaidi ya sehemu 9 kati ya 10 ni maji, krimu halitoi. Mwaga juisi yake kwenye sinia, kila nusu saa pitisha uma, utapata barafu ya kukwangua.

Kuna jambo moja la ladha nalisisitiza. Ulimi ukiwa baridi hausikii utamu vizuri. Kwa hiyo onja kabla hujagandisha, na ukiona utamu umetosha tu, ujue kikishaganda utamu utakuwa umepungua. Hapo watu wengi wanakimbilia sukari. Mimi nakuambia rudi kwenye tunda: halikuiva. Ungesubiri siku mbili.

Sasa usafi, na hapa naomba mnisikilize hata nyie mnaopiga simu. Barafu haiui vijidudu. Inavilaza tu. Agosti 2015 kipindupindu kilipoanza hapa Dar, kabla hakijasambaa mikoani, wengine wetu tulikuwa watu wazima, tunakumbuka. Maji mabaya yakigandishwa yanabaki maji mabaya. Uzuri wa hiki ninachowafundisha ni kwamba maji yanayoingia ni kidogo mno, lakini mikono inaingia, kisu kinaingia, ganda la embe lililopita sokoni chini linaguswa. Osha tunda kabla ya kulimenya. Osha blenda kwa maji yaliyochemshwa. Tui likamue kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, nazi ikunwe siku hiyo hiyo.

Umeme ukikatika, usifungue friza kila dakika kuchungulia. Friza iliyojaa, ikifungwa, inaweza kushika baridi kama siku mbili, iliyojaa nusu kama siku moja. Ukikuta vipande vya ndizi bado vina barafu ndani, rudisha. Lakini ile iliyokwisha kuchanganywa na tui au maziwa, ikiyeyuka ikawa uji wa vuguvugu, mwaga. Nimemwaga sufuria nzima niliyoandaa kwa ajili ya harusi ya jirani, usiku mmoja wa kiza, na roho iliniuma kwa sababu zilikuwa embe za shambani kwa mama. Afadhali roho iume kuliko kuwaumiza tumbo wageni mia. Na samaki wenu wekeni chini, matunda juu, yamefunikwa. Krimu ya ndizi inanyonya harufu ya kibua upesi kuliko mnavyofikiri.

Mama mwenye mtoto chini ya mwaka mmoja, usimtilie asali humo, hata kidogo, ni hatari kwa umri wake. Karanga nzima msiwape wadogo, wanapaliwa; zisage. Na wazee wangu wenye kisukari, sitawadanganya kwamba hii haina sukari. Ina sukari ya tunda, na ndizi iliyoiva sana inayo nyingi. Kuleni kwa kipimo mlichopewa kliniki, muihesabu ndani ya chakula cha siku, si juu yake.

Kipimo cha watoto wangu ni kikombe cha kahawa, hivi vidogo vya wauza kahawa wa barazani. Kimoja baada ya chakula cha mchana. Hakuna ugomvi, kwa sababu wanakila polepole, kinashibisha. Zile barafu zangu za rangi walikuwa wanamaliza moja wanadai nyingine. Binti yangu meno yake ya utu uzima yameota, meupe. Ameniruhusu niwaambie. Yupo pale, ndiye aliyemenya embe hizi na mimi alfajiri.

Mama mmoja kaniuliza kama naweza kurudi kuuza. Nauza. Siuzi nyingi, nauza Ijumaa na Jumapili, embe msimu huu, ukwaju na ndizi embe zikiisha. Faida ni ndogo kuliko ya maji na rangi, sitaficha. Tunda ni ghali kuliko maji. Lakini nanunua jioni, nanunua yaliyoiva mno, na deli langu linarudi tupu.

Kijana, imekuwa nzito? Kopo halizunguki tena kirahisi? Basi tayari. Ondoa barafu ya juu, futa mfuniko, futa tena, pembeni pale bado kuna chembe ya chumvi. Fungua. Sogezeni watoto mbele waone. Imeshika mpaka katikati, mwiko umesimama wenyewe.

Binti yangu, leta vile vikombe vya kahawa. Anza na wazee.